Itauma na mkanda wa dunia: Je, ameiva au anaharakishwa?

SEKUNDE 119 ndizo alizohitaji Moses Itauma kumwondoa Dillian Whyte ulingoni mjini Riyadh, Saudi Arabia, usiku wa Agosti 16, 2025. Mashabiki wa Dar es Salaam na Nairobi, ambao saa zao ni zilezile za Riyadh, walikuwa hawajakaa sawasawa mbele ya televisheni pale mwamuzi alipoingia kati na kusimamisha pambano.

Whyte, aliyekuwa na umri wa miaka 37, si bondia wa kuokotwa. Kabla ya usiku ule alikuwa amepoteza mapambano matatu tu kati ya 34. Anthony Joshua alihitaji raundi saba kumwangusha mwaka 2015, Alexander Povetkin raundi tano mwaka 2020, na Tyson Fury raundi sita mwaka 2022. Kijana wa miaka 20 alimmaliza kabla ya kengele ya raundi ya kwanza kulia.

Tangu hapo swali likawa moja katika ulimwengu wa masumbwi ya uzito wa juu: kwa nini asipewe Oleksandr Usyk?

Swali hilo huulizwa kila kizazi, na kila kizazi huwa na majibu ya haraka. Wapo wanaotazama kasi na nguvu za kijana wakasema yuko tayari, na wapo wanaotazama cheti chake cha kuzaliwa wakasema bado. Wote wawili wanatazama mahali pasipostahili. Jambo linalopaswa kuulizwa ni hili: ni mambo gani kumhusu bondia huyu yamekwisha kuonekana ulingoni, na ni yapi ambayo hakuna aliyepata kuyaona?

Yanayojulikana ni mengi na ni mazuri. Itauma alizaliwa Desemba 28, 2004 katika mji wa Kežmarok nchini Slovakia, kwa baba Mnigeria na mama Mslovakia, kisha akakulia Chatham, kusini-mashariki mwa Uingereza. Mwaka 2022 alitwaa ubingwa wa dunia wa vijana katika ngumi za ridhaa. Januari 2023 aliingia kwenye ngumi za kulipwa na pambano lake la kwanza likadumu sekunde 23.

Anapigana kwa shoto, yaani mkono wa kulia ukiwa mbele, mtindo ambao mabondia wengi hawaupendi kwa sababu makonde hutoka upande wasiouzoea. Mikono yake ina kasi isiyo ya kawaida kwa watu wa uzito wake. Tena hapigi ovyo: anasubiri mpinzani afungue mlango, ndipo anaingia. Hadi anashuka ulingoni Riyadh, alikuwa ameshinda mapambano yake yote 13, na 11 kati ya hayo kwa KO.

Orodha ya waathirika wake inasomeka vizuri. Mariusz Wach wa Poland, aliyewahi kumaliza raundi zote 12 mbele ya Wladimir Klitschko mwaka 2012, aliondoka katika raundi ya pili Oktoba 2024. Demsey McKean wa Australia hakumaliza raundi ya kwanza Desemba mwaka huo. Mike Balogun wa Marekani aliishia raundi ya pili Mei 2025. Kisha Whyte.

Tatizo liko ndani ya orodha hiyohiyo. Hadi usiku wa Whyte, Itauma alikuwa hajawahi kupigana raundi ya saba.

Mapambano mawili pekee ambayo hakushinda kwa KO yalikuwa ya raundi sita. Pambano la ubingwa wa dunia ni la raundi 12 za dakika tatu kila moja, yaani dakika 36 za mapigano ukiondoa mapumziko. Kwa hiyo nusu ya pili ya kazi anayoombwa kuifanya ni nchi ambayo hajawahi kukanyaga. Hii haina maana kwamba ataanguka akifika huko. Ina maana kwamba hakuna anayejua, kocha wake akiwamo, na hata yeye mwenyewe.

KO ya mapema ni kitu cha ajabu katika mchezo huu. Humpa bondia jina, humpa pesa, humwepusha na makonde ya bure. Lakini humnyima elimu. Mtu anayeshinda kwa sekunde 119 hakujifunza kupumua akiwa amechoka, hakujifunza kubadili mpango baada ya mpango wa kwanza kukataa, wala hakujifunza kukaa kwenye kiti kona ya ulingo akiwa na damu puani huku akiambiwa kwamba raundi mbili zilizopita amepoteza.

Kumbukumbu ya Kinshasa

Wasomaji wa eneo hili hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Oktoba 30, 1974, George Foreman alipanda ulingoni Kinshasa, wakati huo Zaire, akiwa ameshinda mapambano yote 40, 37 kwa KO. Alikuwa bingwa, si chipukizi, na hakuna aliyetilia shaka nguvu zake.

Lakini tazama mapambano yake matatu ya ubingwa kabla ya hapo. Joe Frazier aliondoka raundi ya pili, José Roman raundi ya kwanza, Ken Norton raundi ya pili. Watu waliiona orodha hiyo kama ushahidi kwamba Foreman hashindiki. Muhammad Ali aliiona kama ushahidi kwamba Foreman amesahau jinsi ya kupigana raundi ndefu. Akajilaza kwenye kamba, akaacha mikono ya mwenzake ichoke, na katika raundi ya nane akamwangusha.

Mfano unaofanana zaidi na wa Itauma ni ule wa Gerry Cooney, Mmarekani wa miaka ya 1980 aliyekuwa na konde la kushoto la kutisha. Mei 11, 1981 alimpiga Ken Norton, bingwa wa zamani, kwa sekunde 54. Kabla ya hapo alikuwa amemwondoa Ron Lyle katika raundi ya kwanza. Majina yalikuwa makubwa, lakini wenye majina walikuwa wamezeeka.

Baada ya Norton, Cooney hakupigana tena kwa miezi 13. Pambano lililofuata lilikuwa la ubingwa dhidi ya Larry Holmes, Juni 11, 1982. Alikuwa na ushindi 25 bila kupoteza, na katika miaka miwili iliyotangulia alikuwa amefanya kazi ya dakika chache mno. Alionyesha moyo, lazima isemwe. Aliangushwa raundi ya pili akanyanyuka, akaendelea hadi raundi ya 13 pale kona yake ilipookoa maisha yake. Hata hivyo Holmes alimfundisha mbele ya dunia nzima mambo ambayo alipaswa kuwa amekwisha kufundishwa katika kumbi ndogo.

Watetezi wa Itauma hujibu kwa jina moja: Mike Tyson. Na ni jibu la haki. Tyson alitwaa mkanda wa WBC Novemba 22, 1986 kwa kumpiga Trevor Berbick katika raundi ya pili, akiwa na umri wa miaka 20 na miezi minne, bingwa mwenye umri mdogo kuliko wote katika historia ya uzito wa juu. Itauma mwenyewe aliwahi kuitamani rekodi hiyo. Muda wa kuivunja ulimpita Mei 2025.

Kinachosahaulika ni jinsi Tyson alivyofikishwa pale. Lile lilikuwa pambano lake la 28. Muhimu zaidi, mwezi Mei mwaka huohuo wa 1986 alipewa watu wawili ambao hawakukubali kuanguka: James Tillis na Mitch Green. Wote walimaliza naye raundi 10, na alishinda kwa pointi. Usiku wa Tillis, hasa, Tyson alionekana kuwa binadamu wa kawaida. Magazeti ya wakati ule yalimkosoa. Kambi yake ilikuwa imepata ilichokihitaji: uhakika kwamba kijana akikataliwa KO hapotezi akili.

Itauma alikuwa hajapewa Tillis wake.

Kijana wa Toledo na mtu wa Kananga

Yupo kijana mwingine ambaye kisa chake kinapaswa kusomwa na kila promota. Jared Anderson wa Toledo, jimbo la Ohio, alitajwa kwa miaka kadhaa kuwa ndiye atakayewarudishia Wamarekani ubingwa wa uzito wa juu. Alikuwa na kila kitu: miguu mepesi, mikono yenye kasi, ushindi 17 bila kupoteza, 15 kwa KO.

Dalili zilikuwapo kwa aliyetaka kuziona. Julai 2023, mbele ya watu wa mji wake, Charles Martin alimtikisa kwa konde zito kabla ya pambano kwenda hadi raundi ya 10. Aprili 2024 alimshinda Ryad Merhy kwa pointi katika pambano ambalo mashabiki walilizomea. Kwa mtu anayesomeshwa, haya yangekuwa masomo ya kurudiwa polepole. Badala yake akapelekwa kwa Martin Bakole.

Bakole ni Mkongo, mzaliwa wa Kananga, aliyehamia Scotland kutafuta maisha kwa ngumi. Ni mdogo wake Ilunga Makabu, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa WBC wa uzito wa kruza mjini Kinshasa Januari 2020. Kwa miaka mingi Bakole alikuwa yule mtu ambaye kila kambi inamjua na hakuna inayemtaka: mkubwa, mwenye konde zito, asiye na jina la kuuza tiketi. Kumshinda hakukuletei sifa nyingi, na kushindwa naye hukuharibia kila kitu.

Agosti 3, 2024, mjini Los Angeles, Bakole alimwangusha Anderson katika raundi ya kwanza. Katika raundi ya tano alimwangusha tena, na tena, hadi mwamuzi akasema basi.

Somo hapa si kwamba Anderson hakuwa na kipaji. Kipaji alikuwa nacho. Lakini hakuna aliyekuwa amemwonyesha nini cha kufanya pale mtu mzito kuliko yeye anapokula konde lake bora na kuendelea kusogea mbele. Bondia wa uzani wa chini anaweza kuijifunza hali hiyo pambano likiendelea. Uzito wa juu hauna kikomo cha kilo. Ukishavuka pauni 200, ambazo ni karibu kilo 91, unaweza kukutana na yeyote. Kosa moja linatosha.

Na kisa cha Bakole chenyewe kina upande wa pili. Februari 2025 aliitwa Riyadh zikiwa zimebaki siku mbili, achukue nafasi ya Daniel Dubois aliyeugua, apigane na Joseph Parker. Alipima uzito wa takriban kilo 143 na akapigwa katika raundi ya pili. Ukimwuliza mtu yeyote kama Bakole alikuwa bondia wa kiwango cha kugombea ubingwa, jibu lilikuwa ndiyo. Ukiuliza kama alikuwa tayari usiku ule, hapana. Ni maswali mawili tofauti, na biashara ya ngumi inaishi kwa kuyachanganya.

Kwa nini haraka?

Mikanda mikubwa ya dunia ni minne: WBA, WBC, IBF na WBO. Kila chombo kina orodha yake ya wapinzani, na anayefika juu kabisa huweza kutangazwa mpinzani wa lazima, ambaye bingwa hana budi kupigana naye au kuuacha mkanda. Bingwa mmoja anaposhika mikanda yote, kama Usyk alivyofanya tena Julai 19, 2025 kwa kumpiga Dubois katika raundi ya tano uwanjani Wembley, foleni nne hugombania mlango mmoja.

Hapo ndipo mikanda huanza kuachiwa. Novemba 2025 Usyk aliuacha ule wa WBO, na Mwingereza Fabio Wardley akapandishwa kuwa bingwa bila kurusha konde siku hiyo. Mwezi uliotangulia alikuwa amemsimamisha Parker katika raundi ya 11, kwa hiyo hakuokota tu. Lakini mfano huo unaonyesha jinsi nafasi zinavyotokea ghafla, na kwa nini kambi ya kijana inaogopa kusubiri. Mkanda unaopatikana mwaka huu huenda mwakani ukawa mikononi mwa mtu mgumu zaidi.

Hofu hiyo si ya kudharauliwa. Joshua alipata nafasi kama hiyo. Aprili 9, 2016, akiwa na mapambano 15 tu, alipewa Charles Martin, bingwa wa IBF ambaye alikuwa na mkanda kwa miezi mitatu pungufu. Ulikuwa mkanda mwepesi kuliko yote minne wakati ule, na Joshua aliuchukua katika raundi ya pili. Alijifunza akiwa tayari bingwa. Klitschko alimwangusha Aprili 2017 akanyanyuka na kushinda katika raundi ya 11. Andy Ruiz alimwangusha mara nne Juni 2019 na kumpokonya kila kitu. Je, aliharakishwa? Mtu anaweza kubishana pande zote mbili. Jambo la hakika ni kwamba walimchagulia bingwa.

Na hili ndilo linalopotea katika kelele za mashabiki. Kuwa tayari kwa ubingwa si hali moja. Kuna kuwa tayari kwa Charles Martin, na kuna kuwa tayari kwa Usyk.

Usyk alizaliwa Januari 1987. Ni bingwa wa Olimpiki wa London 2012, alishika mikanda yote minne ya uzito wa kruza mwaka 2018, na tangu apande uzito wa juu alimshinda Joshua mara mbili na Fury mara mbili, yote minne kwa raundi 12 kamili. Kazi yake halisi huanza pale wengine wanapochoka. Mei 2024 alikuwa akielekea kupoteza dhidi ya Fury hadi raundi ya nane ilipofika. Katika raundi ya tisa Fury aliyumba ulingoni kama mlevi na kuhesabiwa na mwamuzi.

Tena Usyk naye ni wa shoto. Faida ya Itauma ya kutoka upande usiozoeleka inayeyuka mbele yake. Kinachobaki ni kasi, nguvu, ujana, na matumaini kwamba mambo yataisha mapema. Yasipoisha mapema, kijana atakuwa anasoma kitabu ambacho mwenzake amekiandika.

Bado kuna hoja moja kwa upande wa haraka, nayo ni nzito kuliko zote: umri wa bingwa. Bondia wa miaka 38 au 39 anaweza kuzeeka kati ya kambi moja ya mazoezi na nyingine. Kumsubiri kunaweza kuwa mkakati. Lakini hiyo ni hesabu kuhusu udhaifu wa Usyk. Haisemi lolote kuhusu ukomavu wa Itauma.

Gharama ya kukosea

Dubois ndiye anayejua bei. Novemba 2020, akiwa na miaka 23 na ushindi 15 bila doa, alikutana na Joe Joyce. Alipigwa makonde ya mbele hadi mfupa unaozunguka jicho la kushoto ukavunjika. Katika raundi ya 10 alipiga goti na kukubali kuhesabiwa. Badala ya kupewa pole aliitwa mwoga, na waliomwita hivyo ni watu waliokuwa wamekaa vitini.

Alirudi, na hilo ni la kumsifu. Alipoteza kwa Usyk mwaka 2023, akajijenga upya, akamsimamisha Filip Hrgović Juni 2024 na kumwangusha Joshua Septemba mwaka huo mbele ya Wembley iliyojaa. Miaka karibu minne ilipita kati ya goti lile na usiku ule. Si kila kijana hupewa miaka minne, na si kila jicho hupona.

Kambi ya Itauma, chini ya promota Frank Warren na kocha Ben Davison, haikukimbilia kwa Usyk baada ya Whyte. Mpinzani waliyemtangaza alikuwa Mmarekani Jermaine Franklin, katika pambano lililopangwa awali Desemba 13, 2025 mjini Manchester, kisha likaahirishwa baada ya Itauma kuumia. Wapo waliosikitika kusikia jina hilo. Franklin si bingwa wala hajawahi kuwa.

Lakini Novemba 2022 Franklin alimaliza raundi 12 na Whyte, kwa matokeo ambayo jaji mmoja aliyaona ni sare. Aprili 2023 alimaliza nyingine 12 na Joshua. Ni raundi 24 dhidi ya watu wawili wenye konde zito, na katika zote alisikia kengele ya mwisho akiwa amesimama.